Maswali Yenu Kuhusu Saratani ya Umio

*Mama na mjomba wangu walifariki kwa saratani ya umio. Nina miaka 43 na ninameza bila shida. Je, nipimwe? (Njoro)*

Ni vyema umwone daktari sasa, ukiwa bado unameza bila shida. Umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, hutanuka, kwa hiyo uvimbe hukua humo kimyakimya, na mtu anapoanza kushushia kila tonge la ugali kwa maji, mara nyingi njia imekwisha kuziba kwa kiasi kikubwa. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo, wakapoteza miezi.

*Nasikia kipimo chenyewe hutumia iodini. Ya nini? (Kericho)*

Mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa kinywani baada ya koo kutiwa ganzi. Kwa kuwa mabadiliko ya awali ya seli, yale yanayoweza kuja kuwa saratani, ni vigumu kuyaona, umio hunyunyiziwa iodini: seli zenye afya, ambazo huwa na akiba ya sukari, hugeuka kahawia, na zilizoharibika hazishiki rangi, ndipo kinyama kidogo huchukuliwa kwenda maabara. (Ukiwa na mzio wa iodini, sema mapema.) Katika utafiti uliofanywa Tenwek, Bomet, na kuchapishwa mwaka 2016, takribani watu 14 kati ya kila 100 wasio na dalili walikuwa na mabadiliko hayo. Si wote watakaougua, na mabadiliko makubwa yakigunduliwa mapema huweza kuondolewa kwa kutumia kamera, bila kupasuliwa kifua.

*Mbona serikali haipimi kila mtu kama Korea Kusini? (Kisumu)*

Korea Kusini hupima tumbo kila baada ya miaka miwili, kuanzia umri wa miaka 40, kwa sababu saratani ya tumbo imeenea huko. Sisi wa Bonde la Ufa na magharibi tunasumbuliwa zaidi na umio, hivyo mfano unaotufaa ni Cixian, China, ambako wakazi wa miaka 40 hadi 69 walialikwa kupimwa mara moja kwa kamera na iodini, na baada ya miaka 10 vifo vya saratani hiyo vilikuwa pungufu kwa takribani theluthi moja kuliko katika jamii waliyolinganishwa nayo. Hata hivyo, kamera zetu ni chache, na foleni imejaa watu ambao tayari hawawezi kumeza. Kwa maoni yangu, tuanze na ndugu wa wagonjwa, tena tusishikilie miaka 40, kwani Bomet wamewahi kutibiwa wagonjwa wasiofika 30.

*Je, niache chai? (Molo)*

La. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walivitaja vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio. Mimina, kisha usubiri ipoe.