Ruzuku Niliyoisubiri na Nguzo Zilizowahi

Juzi kijana mmoja wa Arusha kaniandikia: "Kaka, kampuni yangu ya sola iko hoi. Nielekeze nipate ruzuku ya serikali." Nilisoma nikiwa sebuleni, macho yakatua kwenye maboksi matatu ya inveta, vile vifaa vya kugeuza umeme wa sola utumike nyumbani. Mke wangu ameyatandikia kitambaa na kuweka maua ya plastiki juu yake.

Nilianzia Moshi, chumba kimoja karibu na soko la Mbuyuni, mimi na fundi mmoja. Wateja wetu walikuwa watu wa tambarare, upande wa Kahe. Mwaka wa tatu tulikuwa mafundi sita, na hili nitalisema hata kama ni majivuno: hakuna taa yangu iliyozimika kabla ya garantii kuisha.

Ndipo nikasikia kuna ruzuku ya kulipwa kwa matokeo. Maana yake unawafungia wateja sola kwanza kwa pesa yako, unapeleka orodha ya wateja na picha, wakaguzi wanakuja, halafu unalipwa. Mimi nilisikia hilo neno la mwisho tu. Nikaweka hati ya kiwanja benki, nikaagiza mzigo, nikawapunguzia wateja bei kabla sijaingiziwa hata senti. Wakaguzi walipofika, mzee mmoja alikuwa ameshahamishia paneli shambani kwa mwanawe, na majina mawili hayakulingana na vitambulisho. Faili likarudishwa. Marejesho ya benki hayakusubiri faili.

Lakini kilichonimaliza si faili. Siku hiyo niko juu ya bati la mama mmoja, nakaza nati, nikaona lori linapita na nguzo za umeme. Mama akaniuliza kutoka chini, "Mwanangu, eti kuunganishiwa ni elfu ishirini na saba?" Ni kweli. Kijijini unalipa shilingi 27,000 kwa sababu serikali, kupitia REA, wakala wake wa nishati vijijini, inabeba gharama kubwa ya kuufikisha umeme. Mama huyo alikuwa bado ana miezi kumi na tisa ya kunilipa. Nikashuka na spana mkononi, sina la kumjibu. Ruzuku niliyoisubiri na ruzuku iliyoniua zilitoka mkono mmoja.

Sina kinyongo (kidogo ninacho). Mama yangu mzazi naye kavutiwa umeme huohuo, anafurahia.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Usikope kwa kutegemea ruzuku. Narudia, usikope. Mimi nani? Solyndra, kampuni ya sola ya Marekani, ilipewa dhamana ya serikali kwa mkopo wa dola milioni 535 mwaka 2009, ikafilisika 2011. Mobisol ya Ujerumani, iliyouza sola hapa kwetu, iliishiwa pumzi 2019 ikanunuliwa na Engie, kampuni ya nishati ya Ufaransa. Ruzuku haimponyi mfanyabiashara anayeuza kitu ambacho kesho jirani atakipata kwa bei ya mbuzi mdogo. Vijana mnapenda kuandika maombi ya fedha kuliko kukaa na mteja. Nenda ofisi ya kijiji, uliza kama wapimaji wa laini wameshapita. Wakiwa wamepita, usiuze taa hapo, uza pampu ya kumwagilia kule mashambani ambako laini haitafika. Mimi sikuuliza.

Na ukihitaji inveta, hizi tatu hazijawahi kufunguliwa. Maua nitayatoa.