Mwalimu, kuhamisha picha si kuziweka akiba

Salaam aleikum, Mwalimu. Umeuliza hivi: laptopu yako ina SSD (diski isiyo na sahani ya kuzunguka) ya GB 256 na imejaa, una picha za watoto wako tangu wazaliwe, mitihani ya miaka sita na video za shule, na mfukoni una shilingi 15,000. Wataka kununua SSD ya nje ya TB 1 uhamishie kila kitu huko ili laptopu ipumue, na kikisalia kitu uongeze UPS, kile kisanduku cha betri cha kuishikilia kompyuta stima ikikatika, maana stima hapo Malindi yapotea mara kwa mara. Kuhusu kasi utapata wa kukujibu wengi. Mimi nataka tuzungumze neno moja ulilolitumia, "nihamishie", kwa sababu neno hilo ndilo lililonipotezea sauti ya bibi yangu.

Ninaishi Lamu, mtaa wa Langoni, na riziki yangu ni kupiga video za harusi upande wa wanawake. Lakini kazi niliyoipenda zaidi niliifanya bila malipo, nayo ni kumrekodi bibi. Alikuwa na nyimbo za vugo, zile za wanawake harusini, ambazo wengi wa rika lake walikwisha kwenda nazo. Mwaka 2018 nilikaa naye jioni nyingi, baina ya magharibi na isha, rekoda ndogo katikati yetu, hata zikafika faili 42, kila moja kama robo saa. Laptopu ilipojaa nilifanya vile vile unavyotaka kufanya wewe. Nilinunua diski ya nje, nikazikata faili kule nikazibandika huku, nikaiona laptopu nyepesi, nikalala. Akilini mwangu nilikuwa nimeweka bakapu. Kumbe nilichokuwa nacho ni kile kile kimoja, kimebadilishiwa kabati tu.

Bibi alifariki mwaka 2019. Miezi michache baadaye diski ile ilikuwa juu ya meza ndogo, inafanya kazi, mtoto akapita akaikwaa kebo. Ilianguka kutoka urefu wa goti, si zaidi. Ikaanza kugonga, tik, tik, tik, na kompyuta haikuiona tena.

Nilikuja kujifunza kilichotokea nikiwa nimechelewa. Ndani ya diski ya sahani, yaani ile ya kawaida yenye kuzunguka, kuna kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani, na mwanya baina yao ni wa nanomita chache. Unywele mmoja wa mtu ni mnene kuushinda mwanya huo maelfu ya mara. Ikianguka huku inazunguka, kichwa huikwaruza sahani yenyewe, pale pale palipoandikwa vitu vyako. Na fundi akiifungua mezani, penye vumbi, huimaliza kabisa, kwa kuwa kazi hiyo hufanyiwa chumba maalumu kisicho na vumbi na gharama yake ni kubwa. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliifungua mezani mbele ya macho yangu, nami sikujua kwamba nilipaswa kumzuia. Basi wewe ukisikia diski yagonga, ichomoe hapo hapo. Usiiwashe tena kujaribu, wala usimsikilize anayekwambia uitie kwenye friji.

Kilichosalia cha bibi leo ni dakika tatu. Nilikuwa nimemtumia shangazi yangu, aliye huko kwenu Malindi, kwa WhatsApp, naye hakuzifuta. Dakika tatu hizo ziliokoka kwa sababu zilikuwa kwenye chombo kingine, katika mji mwingine, kwa mtu mwingine. Baadaye nikakuta kwamba wanaohifadhi picha kwa kazi wana kanuni ya jambo hilo, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani aitwaye Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yao ikae mbali na nyumba. Nakala tatu maana yake ni ile unayoitumia na mbili za akiba.

Sasa turudi kwenye fedha zako. Kwa kawaida bei ya SSD moja ya nje hukaribia kununua diski mbili za sahani za ukubwa ule ule. Kwa hali yako ningechukua diski mbili za sahani za TB 1. Zikikushinda kwa mara moja, nunua moja leo, ukopi kila kitu, na usifute hata picha moja kwenye laptopu mpaka ya pili ipatikane. Najua itakukera kuendelea na laptopu iliyojaa. Futa filamu, futa programu usizotumia, ondoa video ulizozipokea kwenye makundi. Picha za wanao ziache zilipo.

Kasi ni jambo la kweli, sikatai. SSD ya SATA, yaani yenye kiungo cha aina ya zamani, hufika karibu MB 550 kwa sekunde, ilhali diski ya sahani ya kubeba mkononi huenda kama MB 110. Lakini kasi hiyo wahitaji mahali unapofanyia kazi, si mahali unapolaza vitu. GB 200 kwenye diski ya sahani hukopika kwa nusu saa hivi ukitumia tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani yake ni la buluu. Ukichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2.0 itakuchukua zaidi ya saa moja na nusu kwa diski ile ile. Watu wengi huilaumu diski kwa kosa la tundu au la kebo.

SSD ina tabia mbili ambazo wauzaji hawazitaji. Ukifuta faili kwa bahati mbaya kwenye diski ya sahani, mara nyingi programu ya kurejesha huipata, kwa sababu kilichofutwa ni anwani tu. SSD iliyo ndani ya kompyuta huambiwa na mfumo isafishe sehemu hiyo, na ikishasafishwa hakuna fundi wa kuirudisha. Ya pili, SSD hushika kumbukumbu kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja pole pole ikikaa bila stima, hasa ikiwa imeshatumika sana na imewekwa penye joto. Kwa hiyo si chombo cha kukifungia sandukuni miaka.

Ukinunua TB 1 na Windows ikakwambia GB 931, usirudi dukani kugombana. Kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na kitu ni kile kile. Wizi wa kweli ni zile flashi za "TB 2" zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani huwa na GB 32 au pungufu, na zimedanganywa zijitangaze kubwa. Zinapokea faili zako zote bila kulalamika, kisha zinaandika juu ya zile za mwanzo. Siku ukizifungua ndipo utaona majina yapo na picha hazipo. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw ambayo hujaza chombo chote kisha husoma tena ilichoandika. Mimi hupitisha kila flashi na kila kadi ya kamera humo kabla haijaingia harusini, hata ikichukua usiku kucha.

Kuhusu hewa ya pwani hii yetu nina mengi, kwa kuwa vitabu vya kompyuta haviisemi. Chumvi ya bahari pamoja na unyevu hula shaba. Miguu ya USB huota ukijani, kebo ikaanza kushika na kuacha, na kila diski inapokatika katikati ya kuandika ndipo faili zinapoharibika. Diski zangu hukaa kwenye mkebe wa plastiki wenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Diski nyingi za sahani zina kitundu kidogo cha kupumulia. Usikizibe kwa stika wala gundi. Na ukitoka chumba chenye eya kondishena ukaingia kwenye joto la nje, chombo baridi hutoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu. Kiache nusu saa ndani ya mfuko wake kabla ya kukichomeka. Jambo hili limeniulia kamera moja, na sikutaka kuamini hata nilipoyaona matone kwenye kioo.

UPS usinunue. Laptopu ina betri, na diski ndogo ya nje hula stima kutoka kwenye laptopu hiyo hiyo, kwa hiyo stima ikipotea hakuna kinachozimika. Kama betri yako imekufa na laptopu huzimika papo hapo, fedha ya UPS itie kwenye betri mpya. UPS ni ya mwenye kompyuta ya mezani. Kinachokuhusu wewe ni stima inaporudi, kwa kuwa mara nyingi hurudi kwa kishindo. Chomoa chaja stima inapokatika, na ikirudi ngoja dakika kadhaa.

Mengine ya kununua ni madogo. Kebo fupi ya ziada iliyo nzuri, maana kebo ndefu za bei rahisi hupunguza nguvu na diski ikashindwa kuzunguka. Mfuko mgumu wa kubebea. Kalamu ya kuandika tarehe juu ya kila diski. Wakati wa kuiandaa (kufomati), utaulizwa mpangilio wa kuwekea faili: kama wewe watumia Windows peke yake chagua NTFS, kwa sababu huvumilia zaidi diski inapochomolewa ghafla. Kama kuna mtu wa Mac wa kugawana naye, exFAT husomeka na kuandikika pande zote mbili. FAT32 iache, haipokei faili inayozidi GB 4, na video moja ya mahafali ya shule huupita ukubwa huo.

Wewe ni mwalimu, na najua flashi za walimu zinavyozunguka: ofisini, saiba, kwa mwenye kupiga chapa mitihani, kisha nyumbani. Diski ya akiba isifuate njia hiyo hata siku moja. Ichomeke kwenye mashine yako tu, ukopi, uichomoe. Ikibaki imechomekwa, kirusi kile cha kufunga faili na kudai fidia kitaifunga nayo pia.

Google hukupa GB 15 bure. Tia humo mitihani, vyeti, na picha za hati ulizozipiga kwa simu. Picha zote na video usijaribu: kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, GB 200 zitakuchukua karibu siku nne bila kusita, na bando litakwisha kabla. Tena folda inayojilinganisha yenyewe na mtandao usiihesabu kuwa akiba kamili. Ukifuta hapa, na kule hufutika, na kwenye pipa hukaa siku 30 tu.

Kwangu mimi kuna sababu nyingine ya kuogopa vitu kutapakaa. Mabibi harusi wa Lamu na jamaa zao hujiachia mbele ya kamera yangu kwa sababu wananiamini kwamba hakuna jicho la mwanamume litakalowaona. Video hizo ni amana. Kwa hiyo diski zangu zote nimezifunga kwa nywila, zikipotea njiani aokotaye asione kitu. Picha za watoto wako pia zastahili hivyo. Programu ya kufungia iitwayo BitLocker ipo kwenye Windows Pro, na nyingine, VeraCrypt, ni ya bure kwa wengine. Ufunguo wa kurejesha uandike kwenye karatasi na uuweke mahali tofauti na diski. Hata kama hujafunga chochote, angalia leo, kwa sababu laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe. Siku ya kuitoa SSD yake kwenda mashine nyingine utaulizwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao hukujua kwamba upo.

Sasa hivi nina diski mbili za akiba zinazopokezana. Moja iko hapa mkebeni. Ya pili iko Malindi kwa shangazi, yule yule wa dakika tatu. Kila anapokuja kututembelea huja nayo, imezimwa, imeviringwa kwenye leso ndani ya mkoba, kwa basi kupitia Garsen mpaka Mokowe kisha boti. Akirudi hubeba iliyojaa mapya. Kila ikibadilishwa nafungua faili tano au sita, za zamani na za karibuni, kwenye kompyuta nyingine kabisa, na nazisikiliza mpaka mwisho. Faili ya kwanza ninayoifungua ni ile ya bibi. Wewe waweza kumwachia diski yako ndugu wa mtaa mwingine, au ukaiweka kwenye kabati lako la shule lenye kufuli, muradi moto au maji yakiingia nyumba moja yasiikute ya pili.

Baada ya diski mbili hizo kupatikana na kujaribiwa, ndipo uongeze SSD kubwa zaidi ndani ya laptopu, na hapo utaifurahia kasi. Lakini usinunue kwa macho. Kuna laptopu zenye nafasi ya M.2, tundu la SSD nyembamba kama kijiti, inayopokea aina ya kasi zaidi iitwayo NVMe, nyingine M.2 ya SATA peke yake, na vijiti hivyo viwili hufanana sana. Nyingine za zamani zinataka ile bapa ya inchi 2.5. Geuza laptopu yako, soma jina na namba ya modeli chini yake, uniandikie hapa kabla hujatoka kwenda dukani.