Muulizeni mapema, na msimtangaze

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: jumuiya ya makazi ya pamoja ifanye nini mwanachama anaposhindwa kulipa ada ya mwezi? Nimekuwa mweka hazina wa jumuiya ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, na jibu langu ni kwamba aulizwe mapema, faraghani, na mtu mmoja tu.

Anayelemewa huonekana kwa mwenendo wake kabla ya daftari kusema lolote. Jirani yetu mmoja, aliyezoea kuwa wa kwanza kufika siku ya usafi, alianza kupita mlango wa nyuma. Mikutanoni hakuja. Hata nguo zake alizianua usiku. Hakuna aliyekuwa amemdai. Alipunguziwa saa za kazi, na aibu ikatangulia. Nilimfuata kwake, nikamjulia hali, kisha nikamwambia wazi kwamba ada ya miezi miwili haijaingia na nimekuja tupange. Tuliandika karatasi moja: kiasi anachokimudu, tarehe yake ya mshahara, na siku ya kukaa tena. Kila alichopata kingelipa kwanza ada ya mwezi unaoendelea. Malimbikizo tuliyaweka kando, ayalipe kidogo kidogo kazi ikirudi.

Wapo watakaosema huko ni kudekezana, dawa ya deni kulipa. Sidharau hesabu. Jumuiya ya kaya 20 zinazochangia sawa hupoteza asilimia 5 ya mapato kwa kila kaya isiyolipa. Zikifika nne, moja ya tano ya bajeti imeondoka, huku bima na marejesho ya mkopo vikibaki palepale. Wanaolipa ndio wanaobeba, na baadhi yao nao wanajikaza tu. Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 waliamua duka lao liuze kwa fedha taslimu, kwa kuwa mikopo ilikwisha kuua maduka ya ushirika yaliyotangulia. Lakini duka likikunyima unga leo, kesho unaweza kurudi na fedha. Aliyetolewa nyumbani na watoto wake anarudi wapi?

Ndiyo maana navutiwa na vyama vya ushirika wa nyumba vya Uruguay, vilivyopata msingi wake katika sheria ya makazi ya mwaka 1968. Katika vile vya kusaidiana, wanachama hujenga kwa mikono yao, nyumba zikabaki mali ya ushirika, na kuna mfuko wa kumwinua aliyepoteza kazi au aliyeugua. Mfuko ukiwepo kabla ya shida, anayeutumia anachukua haki yake. Hapigi magoti kwa jirani.

Faini siziungi mkono, maana aliyeshindwa 10 hataweza 12. Kulipa kwa kazi za mikono kunafaa pale tu ambapo kazi hiyo ingelipiwa fundi wa nje. Vinginevyo bajeti haisogei.

Nawasihi hasa mwache kubandika majina ya wadaiwa ukutani au kwenye kundi la WhatsApp. Mkwepaji hashtuki, naye asiye nacho huhama kimyakimya na deni likaondoka naye. Mkutano una haki ya kujua jumla ya malimbikizo na kama kuna mpango wa kuyalipa. Majina yabaki kwa mweka hazina na mjumbe mmoja wa kamati.

Na wakwepaji wapo, nisiwafiche. Asiyeweza huleta hata kidogo na hukaa mezani; asiyetaka huleta ahadi, ukimwita tena hapatikani. Kwa huyo, kanuni za barua, muda wa mwisho na hatua za kisheria zifuatwe bila kuoneana haya.

Kama jumuiya yenu haina mfuko wala kanuni hizo, zipitisheni katika mwezi ambao kila mtu amelipa. Mkingoja mpaka mmoja akwame, ataamini zimetungwa kwa ajili yake, na pengine atakuwa na haki ya kuamini hivyo.