Picha ya Kufunika Ghorofa: Pima Barabara Kwanza, Kamera Baadaye

Mtu akipata kazi ya picha ya kufunika ghorofa, yaani bango kubwa linalotundikwa kwenye ukuta wa jengo, huuliza kwanza megapikseli ngapi (mamilioni ya pikseli, nukta ndogo zinazounda picha) zinatosha. Jibu halipatikani dukani. Lipo barabarani, mbele ya ukuta wenyewe. Pima kutoka ukutani hadi pale mtazamaji wa karibu kabisa atakaposimama, kwa sababu umbali huo ndio unaoamua kamera, wala si ukubwa wa jengo peke yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Gawanya 87 kwa umbali huo wa mita, upate nukta kwa inchi ambazo jicho zima linaweza kuzitofautisha. Zidisha mara mbili ili uwe na akiba. Tuseme bango la mita 10 kwa 15 kwenye Moi Avenue, Mombasa, watu wakilitazama kutoka ng'ambo ya barabara, mita 20. Unapata nukta 9 hivi kwa inchi, yaani pikseli 354 kwa kila mita. Bango zima linahitaji megapikseli 19 tu. Kamera ya kawaida ya megapikseli 24, yenye pikseli 6000 kwa 4000, inalimudu.

Sasa ingia Mji wa Kale, kwenye barabara nyembamba kama Ndia Kuu. Ukuta ni mita 6 kwa 4 tu, lakini mpita njia yuko mita 4 kutoka hapo. Hesabu ile ile inakupa nukta 43 kwa inchi, na picha inadai karibu megapikseli 70. Bango dogo limeshinda ghorofa! Hapa ndipo Sony A7R IV ya megapikseli 61, inayopungukiwa kidogo tu, au Fujifilm GFX100 ya 102 inapostahili bei yake. Kwa kazi moja tu, kodi, usinunue.

Kama kitu unachopiga hakisogei, njia ya bei nafuu ni kuunganisha fremu. Simamisha kamera ya megapikseli 24 wima, piga fremu tatu, kila moja ikirudia asilimia 30 ya iliyotangulia. Utapata pikseli 9600 kwa 6000 kabla ya kupunguza kingo, sawa na nukta 38 kwa inchi kwenye ukuta ule. Funga kila kitu kwa mkono: mwanga, fokasi na mizani ya rangi nyeupe (white balance). Ukiacha rangi nyeupe ijiamulie, kuta za Fort Jesus zitatoka na mistari ya rangi tofauti pale fremu zinapokutana. Jahazi linalopita na makuti yanayopepea huleta vipande vilivyokatika, kwa hiyo vitu hivyo viache viangukie katikati ya fremu, si kwenye maungio.

Pesa iliyobaki iweke kwenye lenzi. Lenzi ya milimita 50 isiyovuta (isiyo na zumu), ikiwekwa f/5.6 au f/8 (kipimo cha tundu la lenzi; namba kubwa ni tundu dogo), itakupa kingo kali kuliko lenzi ya kuvuta inayokuja na kamera. Usifunge hadi f/16 ukidhani unaongeza ukali. Mwanga hujipinda kwenye tundu dogo na picha nzima hulainika. Ukinunua lenzi iliyotumika, imulike kwa tochi kutoka nyuma. Hewa ya pwani huotesha ukungu ndani ya vioo, unaoonekana kama nyuzi za buibui. Ukiuona, iache.

Kamera ikae kwenye stendi, kizuia mtikisiko kizimwe, na upige kwa kipima saa cha sekunde 2. Kusi ikivuma, ning'iniza mfuko wa mchanga chini ya stendi ukigusa ardhi kidogo. Ukielea hewani utayumba na kuiyumbisha kamera. Ukipiga ng'ambo ya maji, kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda Likoni kwa mfano, maliza asubuhi na mapema. Saa sita mchana hewa yenye joto hucheza juu ya maji, na megapikseli zozote hazitarudisha ukali uliopotea.

Halafu kuna vumbi la sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha, ambalo wengi hulipuuza. Kwenye nukta 9 kwa inchi, pikseli moja ni karibu milimita 3. Doa la pikseli 20, ambalo kwenye skrini ya simu hulioni, ukutani lina upana wa sentimita 5 na zaidi, na likiwa kwenye anga jeupe linaonekana kutoka kituo cha matatu. Piga anga tupu kwa f/16 ili uyaone madoa, safisha, ndipo uanze kazi.

Muulize mchapishaji anataka faili ya kipimo gani. Mara nyingi ni moja kwa kumi, yaani faili ndogo mara kumi kuliko bango, hivyo nukta 9 zinaandikwa 90. Uliza pia kama atatumia turubai zima au lile la matundu ya kupitisha upepo, maana matundu hula nywele na maandishi madogo. Kabla hajachapa yote, mlipie kipande cha mita moja chenye uso wa mtu au maandishi, kitundike ukutani, urudi nyuma hadi pale ulipopimia umbali, ukitazame.