Momo si sambusa

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni wa Mombasa, nakaa Aldershot, Uingereza. Mtaani kwetu kuna kimkahawa cha Kinepali na Kihindi, meza sita tu. Mchana wenzangu huagiza dal bhat na momo, mimi kila siku ni chapati na kuku kwa kuogopa kuaibika. Nianze na nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bahati yako! Mji huo umejaa Wanepali kwa sababu ya askari wa Gurkha, yaani Wanepali wanaotumikia jeshi la Uingereza, hasa tangu 2009 wastaafu wao walipopanuliwa haki ya kuishi Uingereza.

Dal bhat waijua tayari: wali, mchuzi wa dengu, mboga na achari. Mimina dengu juu ya wali, ule kwa mkono wa kulia. Kwa desturi yao wali na dengu huongezwa, basi usiparamie sahani ya kwanza. Mimi niliparamia, ya pili ilipoletwa nikabaki kuitazama.

Momo ndizo zenye hila. Zina nyama ndani kama sambusa, ila hizi kwa kawaida hupikwa kwa mvuke, na ukizing'ata kwa pupa supu ya moto hukurukia kifuani. Toboa pembeni, fyonza, ndipo utafune. Achari ikikutia ganzi ulimini usishtuke, huenda ni timur, kiungo cha punje za milimani kwao.

Nyama uliza kabla: yaweza kuwa kuku, nyati wa kufugwa, hata nguruwe. Na kuku naye, uliza kachinjwa vipi.