Mizeituni ya Chétoui tupu shambani: je, itazaa?

SWALI: Tunaandaa hekta nne karibu na Béja, kaskazini mwa Tunisia. Tunataka mizeituni ya Chétoui tupu kwa sababu wanunuzi wetu wanataka mafuta yenye polifenoli (kemikali asilia za zeituni zenye uchungu) nyingi, na tunaogopa aina nyingine zitayaharibu. Je, tunaweza kuotesha miche kwa kokwa ili kupunguza gharama?

JIBU: Kokwa hapana. Mche wa kokwa iliyookotwa chini ya Chétoui si Chétoui. Una wazazi wawili, na tabia zake mtazijua miaka mingi baadaye. Utafaa kuwa shina la kubebeshewa (kuunganishiwa) kikonyo cha Chétoui tu. Chukueni vipandikizi vya sentimita 12 hadi 15 kutoka matawi ya mwaka huu, mwache majani manne ya juu, mchovye upande wa chini kwenye homoni ya kuotesha mizizi iitwayo IBA, ya ppm (sehemu kwa milioni) 3,000 hadi 4,000, kisha mvipande kwenye perlaiti (chembe nyepesi za mawe ya volkano) chini ya mnyunyizo wa ukungu. Mizizi huchukua kama miezi miwili. Mkinunua miche, daini cheti cha aina yake. Penye shaka, pelekeni majani maabara yapimwe vinasaba, maana katika mizeituni jina moja hubeba miti tofauti na mti mmoja huwa na majina kadhaa.

Tatizo kubwa liko kwenye neno "tupu". Aina nyingi za mzeituni hukataa chavua ya aina hiyohiyo, na miti yote ya aina moja ni nakala ya mti mmoja. Maua yatajaa, kisha matunda yapukutike au yabaki madogo kama punje, nanyi mtalaumu mbolea. Kuongeza aina yoyote tu si dawa: mizeituni imegawanyika katika makundi mawili ya upatanifu, na aina mbili za kundi moja hazichavushani hata zikichanua siku moja.

Kwa hiyo pimeni kwanza kwenye Chétoui iliyokwisha kuzaa. Kabla maua hayajafunguka, funikeni matawi kwa mifuko ya karatasi. Mengine yaacheni hivyo, mengine yapulizieni chavua ya aina mnayoifikiria. Hesabuni matunda baada ya mwezi. Aina itakayoshinda ipewe kama asilimia 10 ya miti, ianzie upande unakotoka upepo.

Hofu ya mafuta kuharibika haina msingi shambani. Karibu mafuta yote yamo kwenye nyama ya tunda, na nyama ni ya mti mama. Chavua huunda kiini cha ndani ya kokwa tu. Uharibifu hutokea kwenye makreti, zeituni za aina mbalimbali zikichanganywa wakati wa kuvuna. Chemlali, aina nyingine ya mzeituni, kwa mfano, ina polifenoli chache kuliko Chétoui na asidi ya palmitiki (mafuta yanayoganda kwa urahisi) nyingi zaidi, hivyo mafuta yake huganda upesi kwenye baridi. Pandeni kila aina kwa mistari kamili ili ivunwe peke yake.

Vuneni Chétoui rangi inapoanza kugeuka, mkamue ndani ya saa 24, na rojo la zeituni zilizosagwa lisizidi nyuzi 27 za Selsiasi. Kwa soko la Ulaya, lebo ya afya ya polifenoli hudai angalau miligramu 5 za haidroksitairosoli (mojawapo ya polifenoli za zeituni) na jamii yake katika kila gramu 20 za mafuta, kwa hiyo pimeni kila pipa kabla ya kuchapisha lebo.