Nahodha, usiwatoe vijana uwanjani bila kupeana mikono

Usithubutu. Umeandika kwamba fainali yenu ni Jumapili, kwamba nahodha wa wapinzani alimtukana mama yako mlipokutana mara ya kwanza, na kwamba mkifungwa mtaondoka uwanjani moja kwa moja bila kumpa mtu mkono, "kama LeBron", yule nyota wa kikapu wa Marekani. Ukauliza namna ya kuwaandaa wachezaji kwa jambo hilo, namna ya kuandika rufaa mwamuzi akiwaonea, na duka la jezi za bei nafuu hapa Dodoma. Naanza na hilo la mikono kwa sababu nimeshalifanya mwenyewe na gharama yake naiona kila wiki kwenye kijiwe cha bodaboda. Mengine tutayaongea siku nyingine.

Ilikuwa fainali ya ligi ya mtaa, mwezi wa Agosti mwaka 2014, majira ambayo upepo wetu huchukua vumbi lote la uwanja na kulimwaga usoni mwa kipa. Zawadi ilikuwa mbuzi na mipira miwili. Dakika ya 86 mwamuzi akaona mpira umegonga mkono wa beki wetu, ilhali sisi sote tuliona umegonga bega, na beki mwenyewe, ambaye kwa kawaida si mtu wa kusema kweli, aliapa huku akitokwa machozi. Penati ikaingia. Filimbi ya mwisho ilipolia, mlezi wa timu yetu akaja mbio, akanishika shingo, akaniambia kwamba wachezaji wakubwa hawapeani mikono na watu waliowaibia; akamtaja LeBron, akamtaja Suárez, yule mshambuliaji wa Uruguay, akasema nahodha mwenye msimamo huwaongoza watu wake hadi kwenye gari. Nilikuwa na miaka 29 na kitambaa cha unahodha, nikajiona niko Marekani.

Kando ya mstari alisimama kocha wa wapinzani, mwalimu mtu mzima aliyevaa koti lililopauka mabegani, mkono wake ameshaunyoosha. Nilipita karibu naye kiasi kwamba kiwiko changu kiligusa vidole vyake, wala sikugeuka. Nyuma yangu alikuja winga wetu wa kushoto, kijana wa miaka 17, ambaye alikuwa ameshaanza kuunyoosha wa kwake. Aliponiona nimepita, aliurudisha, akaufuta kwenye bukta, akanifuata. Mimi najua alikuwa na aibu na hakujua aupeleke wapi mkono ule. Waliokuwa pembeni waliona mtoto anajifuta uchafu mbele ya mzee.

Sasa sikiliza. Yule mwalimu alikuwa mmoja wa watu watatu waliokuwa wakichagua vijana wa timu ya wilaya. Wiki mbili baadaye orodha ilitoka na winga wetu hayumo, ingawa hakuna beki wa kulia katika ligi ile aliyelala usingizi mzuri kabla ya kukutana naye. Nilikwenda nyumbani kwa mwalimu nikiwa nimejiandaa kugombana. Nikamwamkia, akaitikia, akaagiza niletewe chai, kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba wenzake walimwuliza kuhusu nidhamu ya kijana naye akasema alichokiona. Nikamwambia kosa lilikuwa langu. Akajibu kwamba analiamini hilo, ila majina yameshapelekwa. Nikainywa chai ile hadi mwisho kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya kuipa mikono yangu.

Kijana huyo leo anaendesha bodaboda. Huniamkia vizuri, hunipeleka Sabasaba na kunitoza nauli kamili, nami sijawahi kuthubutu kuomba punguzo. Na yule mlezi? Msimu uliofuata alikuwa mlezi wa wale wale waliotufunga, anapiga nao picha, anapeana mikono na kila kiumbe uwanjani, nadhani hata mbuzi alipewa mkono. Mtu wa namna hiyo hukuazima hasira yake akijua kwamba deni utalilipa wewe.

Hata hao nyota alionitajia, hakunisimulia habari zao mpaka mwisho. LeBron aliondoka bila kuwapa mikono Orlando Magic mwaka 2009, timu yake ya Cleveland ilipotolewa kwa michezo 4 dhidi ya 2, na akakwepa waandishi wa habari. Akatozwa faini ya dola 25,000, ambayo kwake ni kama nauli ya daladala. Ana pesa na ana kipaji ambacho hakuna kamati ingeweza kukiacha nje. Isiah Thomas naye alikuwa nyota wa kikapu, na mwaka 1991 yeye na wenzake wa Detroit walitoka kabla mchezo haujaisha, wakalipita benchi la Chicago Bulls waliowafunga michezo 4 kwa bila. Mwaka uliofuata Marekani ilipeleka kwenye Olimpiki ya Barcelona kikosi chake mashuhuri cha kikapu na yeye hakuwemo. Hadi leo watu wanapojadili sababu, matembezi yale hayakosi kutajwa. Suárez aliukataa mkono wa Evra, beki wa Manchester United, kule Old Trafford Februari 2012, timu yake ya Liverpool ikafungwa 2 kwa 1, na kesho yake akaomba radhi. Usinitajie pia Olga Kharlan wa Ukraine, mchezaji wa upanga aliyekataa kumpa mkono mpinzani wa Urusi mwaka 2023, kwa maana nchi yake iko vitani. Ninyi na majirani zenu wa ng'ambo ya reli hamna vita. Mna ubishi wa penati.

Kanuni yangu ni moja: mkono kabla ya maji. Ukishakaa chini na kufungua chupa, hasira hupata kiti, na walezi hupata sikio lako. Kwa hiyo waambie wachezaji wa akiba wasiingize chupa hata moja uwanjani mpaka mtu wa mwisho ameshikwa mkono, waamuzi wakiwemo. Aliyemtukana mama yako uanze naye, umtazame usoni, usimminye vidole. Wewe tangulia mbele, kwa sababu mdogo kuliko wote katika timu yako atafanya utakalofanya. Na mlezi wenu akija mbio baada ya filimbi, mpe mpira akushikie.